Kuachishwa kazi ukiwa na H-1B: hesabu kutokea mwisho

Mwaliko unaingia kwenye kalenda saa mbili na nusu asubuhi. Dakika kumi na tano: wewe, bosi wako, na mtu wa HR ambaye hamjawahi hata kusalimiana. Mada haikuandikwa. Ikifika saa tatu na robo barua pepe ya kazini imeshafungwa, na kompyuta inadai nywila ambayo haiikubali tena.

Jioni unaandika kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani mnaoishi mji mmoja. Jibu la kwanza halikawii: "Pole sana ndugu yangu. Usihofu, una siku sitini. Zikikaribia kuisha jaza I-539, omba B-2, utulie."

Jibu hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Kwa asiyezijua: H-1B ni hadhi, yaani ruhusa ya kuishi Marekani, ya anayemfanyia kazi mwajiri aliyemwombea; B-2 ni ya mgeni wa matembezi; na I-539 ni fomu ya kuomba kubadilishiwa hadhi.

Si uongo. Kila kipande chake kina ukweli. Lakini lilikuwa ushauri wa kubahatisha hata mwanzoni mwa 2023, makampuni ya teknolojia ya Marekani yalipokuwa yakipunguza watu kwa maelfu, na tangu Septemba 2025 linaweza kumgharimu mtu njia yake ya kurudi kwenye H-1B. Anayelitoa ana nia njema. Ndiyo maana linasambaa.

Sitini ni kikomo cha juu

Kanuni iliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 2017 inasema hivi: ukipoteza kazi, hutahesabiwa kuwa umevunja hadhi yako kwa sababu hiyo peke yake kwa muda usiozidi siku 60 mfululizo, au mpaka I-94 yako iishe, lolote litakalotangulia. Ni siku za kalenda, na Jumapili na sikukuu zimo.

Lolote litakalotangulia. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

I-94 ndiyo rekodi inayosema unaruhusiwa kuwa ndani ya nchi hadi lini. Stempu ya viza kwenye pasipoti ni ya kuingilia mlangoni tu: inaweza kuwa hai miaka miwili mbele huku hadhi yako imekwisha, na inaweza kuwa imekufa zamani huku hadhi yako iko salama. I-94 unaipata kwenye tovuti ya CBP (idara ya forodha na mipaka) kwa namba ya pasipoti, au chini ya barua ya idhini ya I-797A kama mara ya mwisho uliongezewa muda ukiwa ndani.

Sasa angalia tarehe yake kwa makini. Kama ulisafiri na pasipoti iliyokuwa inakaribia kuisha, ofisa wa uwanja wa ndege anaweza kuwa alikupa muda unaokoma siku pasipoti inapoisha, hata kama idhini yako ya H-1B inakwenda mbele zaidi. Watu wanakaa na I-94 fupi namna hiyo bila kujua, wakiamini I-797 iliyoko kwenye faili la nyumbani. Ikiwa I-94 inaisha baada ya siku 18, una siku 18.

Mambo mengine mawili yanayosahaulika: muda huu hutolewa mara moja tu kwa kila kipindi cha idhini, na ofisa wa USCIS (idara ya uhamiaji) ana mamlaka ya kuufupisha au kuukataa.

Siku ya kwanza ni ipi?

Hesabu inaanza kesho yake baada ya ajira kukoma, na USCIS kwa kawaida inaitazama siku ya mwisho uliyolipwa mshahara. Kiinua mgongo hakisogezi tarehe hiyo. Ukipewa mshahara wa miezi minne kwa mkupuo, saa bado inahesabu tangu ulipotolewa kwenye orodha ya mishahara.

Hapa pana nafasi ya kujadiliana, na watu wachache huitumia kwa sababu wanakuwa bado wamepigwa na butwaa. Kabla hujasaini makubaliano ya kuondoka, omba sehemu ya fedha hizo igeuzwe kuwa notisi: ubaki mwajiriwa kwa wiki nne au nane, ukilipwa kama kawaida na bima ikiendelea, hata kama huna kazi ya kufanya. Kampuni hailipi senti ya ziada kwenye mshahara, inaulipa tu kwa njia nyingine. Baadhi hukubali. Mawakili hawaafikiani iwapo muda wa kulipwa bila kufanya kazi unahesabika kama ajira kamili, kwa hiyo mwenye tahadhari anapanga mambo yake kwa kuhesabu tangu siku ya mwisho aliyofanya kazi kweli, na hizo wiki nyingine anaziweka kama akiba.

Ukiambiwa "andika barua ya kujiuzulu, itaonekana vizuri kwenye rekodi yako", fikiri mara mbili. Siku 60 utazipata hata ukijiuzulu. Lakini mwajiri anayekuachisha kabla idhini yako haijaisha anawajibika kugharamia nauli ya kukurudisha nchi uliyokuwa ukiishi kabla ya kuja, na ukijiuzulu kwa hiari wajibu huo unafutika. Nauli hiyo ni yako wewe tu, mke au mume na watoto hawamo.

Hesabu kutokea siku ya 60

Kwa kawaida mtu anahesabu kwenda mbele: leo ni siku ya 5, bado nina 55. Hesabu hiyo inalevya.

Anza na siku ya 60 urudi nyuma. Siku hiyo ombi jipya la mwajiri, fomu I-129, linatakiwa liwe limeshapokelewa USCIS. Kutumwa hakutoshi. Kabla yake mwajiri anahitaji LCA (tamko lake kuhusu mshahara na mazingira ya kazi) iliyoidhinishwa na Wizara ya Kazi, ambayo huchukua siku 7 za kazi. Kama kampuni haijawahi kuomba LCA, inabidi kwanza namba yake ya kodi ihakikiwe, na siku kadhaa zinakwenda hapo. Wakili naye anataka vyeti vyako, hati za mishahara, na tathmini ya shahada. Shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nairobi au Makerere ilishafanyiwa tathmini kwenye ombi lako la kwanza, ila nakala mara nyingi iko kwa wakili wa kampuni iliyokuacha. Kuifanya upya ni siku nyingine tena.

Jumlisha vyote, tangu unapokubali ofa hadi bahasha inapofika ni wiki mbili na nusu mambo yakienda sawa, tatu kama kuna sikukuu katikati. Maana yake ofa inatakiwa iwe mkononi kufikia kama siku ya 38 au 40. Na usaili wa kampuni za Marekani, kuanzia simu ya kwanza hadi ofa, hula wiki nne au sita bila haraka yoyote.

Kwa hiyo muda halisi wa kutafuta kazi ni wiki ya kwanza na ya pili. Baada ya hapo unasubiri majibu ya ulichopanda.

Mwambie mwajiri mpya hali yako mapema, pengine kwenye simu ya pili. Wapo wanaoficha kwa kuogopa kukosa ofa, halafu HR inagundua siku ya 45 kwamba inahitaji wakili, na haina.

Habari njema ni kwamba ombi likishapokelewa ndani ya muda, sheria ya mwaka 2000 iitwayo AC21 inakuruhusu kuanza kazi kwa mwajiri mpya bila kusubiri lijibiwe. Malipo ya kuharakisha, yanayoleta uamuzi ndani ya siku 15 za kazi, si lazima ili uanze. Yanakuondolea tu hofu ya kuanza kazi kisha ombi likakataliwa.

Siku ileile ya kuachishwa, kabla mlango haujafungwa kabisa, omba vitu hivi kwa maandishi: nakala za I-797 zote, LCA, hati za mishahara za miezi sita ya mwisho, barua inayotaja tarehe ya kukoma ajira, barua ya uzoefu inayoeleza kazi ulizofanya, na namba ya risiti ya I-140 (ombi la mwajiri la kukupatia grini kadi) kama ilikuwepo.

B-2 inalinda nini hasa?

Tuirudie ile I-539. Fomu ya kubadili hadhi kuwa mgeni wa matembezi, ada yake dola 420 ukijaza mtandaoni au 470 kwa karatasi tangu Aprili 2024. Ukiiwasilisha kabla ya siku ya 60, unaruhusiwa kubaki ndani wakati inasubiri uamuzi, na siku za kukaa kinyume cha sheria hazijumlishwi. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ukikusanya siku zaidi ya 180 kisha ukaondoka, unafungiwa miaka mitatu. Ukifika mwaka mmoja, ni miaka kumi.

Lakini kuruhusiwa kusubiri si sawa na kuwa na hadhi. Siku ya 61, ukiwa na risiti ya I-539 mfukoni, huna H-1B na huna B-2. Una ombi tu.

Kisha siku ya 90 inakuja ofa nzuri. Mwajiri anawasilisha I-129 akiomba ubadilishwe kuwa H-1B ukiwa hapohapo. Ile ruhusa ya kuanza kazi mara moja haipo tena, inabidi usubiri idhini. Na idhini ya kubadilishwa ukiwa ndani inategemea kama B-2 yako imekubaliwa. Kama bado iko mezani, au imekataliwa, USCIS inaweza kuikubali kazi na kukataa mabadiliko ya hadhi: ombi limepita, lakini toka nje ukachukue viza ubalozini.

Zamani ilikuwa usumbufu wa tiketi ya ndege na wiki chache.

Tarehe 19 Septemba 2025 rais wa Marekani alitia saini tangazo linalodai malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B, kuanzia tarehe 21 mwezi huohuo, kwa miezi 12 isipokuwa iongezwe. Mwongozo wa USCIS wa 20 Oktoba 2025 ukafafanua: anayeongezewa muda au kubadilishiwa hadhi akiwa ndani hadaiwi. Anayedaiwa ni aliye nje bila viza hai ya H-1B, na pia yule aliye ndani ambaye ombi lake la kubadilishwa limekataliwa kwa kuwa hakuwa na hadhi halali.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena ukiwa na yule mtu wa siku ya 90 akilini. Kampuni ndogo ya Columbus au Minneapolis haitalipa dola laki moja kwa sababu wewe ulitulia.

Bado kuna sababu nzuri za kuomba B-2: mtoto amalize muhula wa shule, uuze gari, umalize mkataba wa nyumba, umalize matibabu. Eleza sababu hiyo, onyesha akiba benki, onyesha kwamba utaondoka, taja tarehe. Usaili wa kazi unaruhusiwa ukiwa B-2, USCIS ilisema hivyo waziwazi mwaka 2023. Ila tarehe uliyoomba ikipita kabla ya kujibiwa, omba nyongeza, usikae tu. Na tangu sera ya 28 Februari 2025, anayekataliwa akiwa hana hadhi anaweza kupelekewa wito wa kufika mbele ya hakimu wa uhamiaji. Wito huo ukija, usipande ndege kimyakimya bila kumwuliza wakili.

Kwa Warundi na Watanzania pana tabaka jingine. Burundi iliwekewa vizuizi vya kuingia Juni 2025, na Tanzania ikaongezwa kwa tangazo la Desemba 2025 lililoanza 1 Januari 2026. Vinagusa viza za matembezi na za wanafunzi, kwa hiyo wazo la "nitatoka, nirudi kama mwanafunzi" lisahau kwa sasa. USCIS nayo ikasimamisha kwa ajili ya uhakiki maombi ya raia wa nchi zilizo kwenye orodha. Risiti ya I-539 ya Mkenya na ya Mtanzania leo hazina uzito mmoja, hata kama zimejazwa meza moja.

Kama mwenzi wako ana hadhi yake

Hii ndiyo njia safi kuliko zote na inazungumzwa kidogo, labda kwa aibu. Mume au mke wako akiwa na H-1B yake mwenyewe, omba H-4, hadhi ya mwenzi wa mwenye H-1B, ndani ya siku 60. Utakaa kwa muda wake, na ukipata kazi unarudi H-1B bila bahati nasibu ya kila mwaka ya kugawa nafasi zake, kwa sababu ulishahesabiwa. Mwenzi akiwa mwanafunzi, ipo F-2, hadhi ya mwenzi wa mwanafunzi.

Boksi, deiwaka, na msiba

Ndani ya siku hizo 60 huruhusiwi kufanya kazi yoyote. Wala Uber, wala zamu mbili za kubeba boksi kwa jina la binamu, wala tovuti ya mtu unayemtengenezea kwa Cash App. Haki ya kuhamia kwa mwajiri mpya na kuanza mara moja inamtaka mtu ambaye hajafanya kazi bila idhini tangu alipoingia mara ya mwisho. Dola mia tatu za wikiendi zinaweza kuiondoa.

Jihadhari pia na "kampuni" zinazouza hati za mishahara: unawalipa wewe, wao wanakuwekea mshahara wa kuigiza. Huo ni udanganyifu, na unabaki kwenye rekodi yako. Na atakayekwambia ujilipue, yaani uombe hifadhi kwa hadithi ya kutunga, mwulize kama anajua kwamba ombi la namna hiyo likithibitika kuwa la kutunga linakufungia faida zote za uhamiaji moja kwa moja.

Na msiba?

Simu inapigwa kutoka Moshi au Kisumu, na hakuna Mswahili wa kuambiwa asiende kumzika mama yake. Lakini jua unachokifanya: ukitoka Marekani, siku zako za nafuu zimekwisha pale pale, hata kama ulikuwa siku ya 12. Huwezi kurudi kwa H-1B ya kazi ambayo haipo. Kinachoweza kukuokoa ni stempu. Kama viza yako ya H-1B bado iko hai, ombi jipya la mwajiri likiwasilishwa ukiwa nje halidaiwi ile laki moja kwa mwongozo wa Oktoba 2025, na stempu hiyohiyo hutumika kuingilia pamoja na I-797 ya mwajiri mpya. Ndiyo maana mwenye stempu hai na asiye nayo wasipewe ushauri mmoja.

Waliotoka vyuoni

Kuna kundi linaloshtuka kuliko wote: watafiti, wahadhiri na madaktari walioajiriwa na vyuo vikuu au hospitali zilizofungamana navyo. Waajiri hao hawapiti kwenye kiwango cha kila mwaka cha viza 65,000 na zile 20,000 za wenye shahada za juu za Marekani. Uliingia bila bahati nasibu, kwa hiyo hujawahi kuhesabiwa. Ukiachishwa, kampuni ya kawaida haiwezi kukuchukua mpaka ikuandikishe Machi, uchaguliwe, na uanze Oktoba. Kwako, siku 60 ni za kutafuta chuo kingine au taasisi ya utafiti isiyo ya faida. Usizipoteze kuomba Amazon.

Foleni yetu si yao

Maelezo mengi ya mtandaoni kuhusu H-1B yameandikwa na Wahindi kwa ajili ya Wahindi, na haki yao, ndio wengi. Lakini foleni yao ya grini kadi ni ya miaka mingi. Aliyezaliwa Afrika Mashariki yuko kwenye foleni ya nchi nyingine zote, fupi zaidi kwa mbali, na hilo hubadilisha kila kitu siku ya kuachishwa.

Kwanza uliza: I-485 yangu, yaani ombi langu mwenyewe la grini kadi, ilishawasilishwa? Kama ndiyo, unaruhusiwa kubaki hata bila H-1B, na kadi yako ya kazi inatumika. Ikiwa imekaa siku 180 au zaidi na I-140 imekubaliwa, unaweza kuhamishia ombi kwenye kazi inayofanana kwa fomu ya Supplement J. Nimeona watu wa hali hii wakishauriwa waombe B-2. Hapana.

Kama I-140 ilikubaliwa lakini I-485 bado, tarehe yako ya foleni unaondoka nayo kwenda kwa mwajiri mwingine. Na kama zilishapita siku 180 tangu ikubaliwe, mwajiri wa zamani akiiondoa haifutiki.

Bima, halafu ndege

Bima ya kazini mara nyingi huisha mwisho wa mwezi. COBRA, sheria inayokuruhusu kuendelea na bima hiyo kwa kulipia mwenyewe, inakupa siku 60 za kuamua na inarudi nyuma hadi siku ulipokatika, kwa hiyo unaweza kusubiri uone kama utaugua kabla ya kulipa. Bei yake inatisha: gharama yote na asilimia 2 juu. Soko la bima la serikali nalo linakupa siku 60 za kujiandikisha. Mafao ya wasio na kazi kwa kawaida hayapatikani, kwa kuwa yanamtaka mtu aliye huru kuanza kazi yoyote kesho.

Ukiamua kuondoka, dai nauli kwa barua pepe ili ibaki ushahidi, na utunze pasi ya kupandia ndege. Fedha za 401(k), akiba ya uzeeni ya kazini, usizitoe kwa haraka: kabla ya umri wa miaka 59 na nusu kuna adhabu ya asilimia 10 juu ya kodi. Social Security, pensheni ya serikali, ni habari nyingine. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki yenye mkataba wa kuunganisha michango na Marekani, na mafao ya uzeeni yanahitaji alama 40, takriban miaka kumi ya kazi.

Miaka yako sita ya H-1B haipotei. Uliyotumia imetumika, iliyobaki ni yako, bila bahati nasibu kama ulishahesabiwa, na siku zote ulizokuwa nje katika miaka hiyo unaweza kudai zirudishwe. Ushahidi wake ni mihuri ya kutoka na kuingia, kwa hiyo pasipoti ya zamani iliyotobolewa kona usiitupe wakati wa kufunga mizigo.